Ugonjwa wa Hirschsprung hauishii kwenye utumbo

Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kamili hutarajiwa kupata choo chake cha kwanza, kile cheusi chenye kunata, ndani ya saa 24. Ikipita siku ya pili bila choo hicho, tumbo likaanza kujaa na mtoto akatapika majimaji ya kijani, mkunga mwenye uzoefu hujua kwamba jambo hilo si la kungojea. Katika nyumba nyingi za kwetu mama huambiwa kwanza kuwa ni mchango, mtoto akanyweshwa dawa ya mizizi, na wiki zikageuka miezi kabla ya kufika hospitali yenye daktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Baadhi ya watoto hao huwa na ugonjwa wa Hirschsprung, yaani wamezaliwa na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana isiyo na seli za neva, na kwa sababu hiyo sehemu hiyo hukaa imejikaza wala haipitishi choo. Ugonjwa huu humpata takriban mtoto 1 katika kila watoto 5,000 wanaozaliwa hai, na wavulana huugua karibu mara 4 zaidi ya wasichana.

Mtoto akishapasuliwa, kipande kisicho na neva kikaondolewa na sehemu iliyo nzima, yenye neva, ikashushwa hadi kwenye njia ya haja kubwa, maswali ya kliniki karibu yote huwa ya utumbo: anapata choo mara ngapi, tumbo linajaa, anachafua nguo, amewahi kupata homa na kuharisha choo chenye harufu kali. Ni maswali ya lazima, kwa kuwa kuvimba kwa utumbo kunakoleta dalili hizo kunaweza kumuua mtoto huyu hata baada ya upasuaji uliofanikiwa. Lakini lipo swali ambalo kwa kawaida haliulizwi: mishipa yake ya damu inafanya kazi vipi, na figo zake zinaitunza vipi chumvi? Hoja yangu ni kwamba, kwa baadhi ya wagonjwa hawa, swali hilo lina mzizi mmoja na ugonjwa wenyewe. Pia naamini kwamba kulijibu ipasavyo kunatutaka tuwagawe wagonjwa kwa chanzo cha ugonjwa wao, kwa sababu jina la ugonjwa peke yake halitoshi.

Historia ya ugonjwa huu inatuonya mapema juu ya hatari ya kutazama pale panapovuta jicho. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, alipowaeleza wenzake mjini Berlin mwaka 1886 habari za watoto wawili waliokufa wakiwa na utumbo mpana uliotanuka kupita kiasi, kilichoonekana kuwa kigonjwa ni ile sehemu iliyotanuka. Kwa miongo kadhaa madaktari waliifuata dhana hiyo. Mwaka 1948 Orvar Swenson na Alexander Bill, wakiwa Boston, walieleza upasuaji uliojengwa juu ya ufahamu mwingine kabisa, kwamba sehemu iliyotanuka ndiyo nzima, nayo imetanuka kwa sababu imekuwa ikisukuma dhidi ya kizuizi, na kwamba ugonjwa uko chini yake, katika kipande chembamba ambacho kwa macho hakina ajabu yoyote. Tangu hapo kuchukua kinyama kutoka kwenye njia ya haja kubwa na kukitazama kwa hadubini, ili kuona kama seli za neva zipo au hazipo, kumekuwa ndiyo hukumu ya mwisho ya utambuzi.

Seli hizo hukosekana kwa sababu ya safari iliyokatizwa. Kati ya wiki ya 5 na ya 12 ya ujauzito, seli zinazotoka kwenye kingo za mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo huingia kwenye utumbo kupitia upande wa juu na kuteremka hatua kwa hatua hadi mwisho wake, zikiongezeka kwa idadi huku zikisafiri. Zikisimama njiani, kila kilicho chini ya kituo chao hubaki bila neva, na ndiyo maana ugonjwa huanzia daima kwenye njia ya haja kubwa na kupanda juu. Kwa wagonjwa wengi, takriban 80 kati ya 100, hauvuki mkunjo wa mwisho wa utumbo mpana. Kundi hilohilo la seli lina watoto wengi mwilini, kwani kutoka humo hutokea pia seli zinazoipa ngozi na nywele rangi yake, sehemu ya viungo vya kusikia, neva zinazoendesha moyo na mishipa bila sisi kujua, na hata misuli iliyomo katika kuta za mishipa mikubwa inayotoka kwenye moyo. Msomaji akilishika jambo hili, hatashangaa kuona ugonjwa wa utumbo ukizungumzwa pamoja na mishipa ya damu.

Kiungo kilicho wazi zaidi kati ya mambo haya mawili kiligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Mwaka 1988 Masashi Yanagisawa na wenzake huko Tsukuba, Japani, walitangaza kwamba wamepata, katika seli za utando wa ndani wa mshipa mkuu wa nguruwe, protini fupi yenye amino asidi 21 inayobana mishipa ya damu kwa nguvu kubwa na kwa muda mrefu. Waliiita endothelini, kwa jina la utando huo. Ikafahamika baadaye kwamba endothelini ziko tatu, na kwamba hutoa ujumbe wake kupitia vipokezi viwili, A na B. Wataalamu wa shinikizo la damu waliipokea habari hiyo kwa shauku, na wakati huo hapakuwa na sababu yoyote ya kuihusisha na choo cha mtoto mchanga.

Sababu ilipatikana mwaka 1994, pale kundi la Yanagisawa, wakati huo likiwa Texas, lilipowanyima panya wadogo kipokezi B, na wengine likawanyima endothelini ya tatu. Lililotarajiwa ni kuvurugika kwa shinikizo la damu. Kilichoonekana ni panya wenye mabaka meupe na utumbo uliojaa hadi wakafa, na uchunguzi ukathibitisha kwamba sehemu ya mwisho ya utumbo wao haikuwa na seli za neva. Walikuwa wanafanana na panya wenye mabaka ambao wafugaji na wanasayansi walikuwa wamewafahamu kwa miaka mingi bila kujua kasoro yao iko wapi. Mwaka huohuo watafiti wa Marekani waliochunguza jamii kubwa ya Wamenoni, waumini wa dhehebu la Kikristo wanaooana kwa sehemu kubwa ndani ya jamii yao na ambao ugonjwa wa Hirschsprung umekuwa ukijirudia katika familia zao, walikuta kasoro moja katika jeni ya kipokezi B, iitwayo EDNRB, kwenye kromosomu ya 13. Waliorithi kasoro hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili waliugua kwa kiwango cha 74 kati ya 100, na waliorithi kutoka kwa mzazi mmoja waliugua kwa kiwango cha 21 kati ya 100. Baadhi yao walikuwa na shungi la nywele nyeupe mbele ya kichwa, macho yenye rangi mbili, au uziwi.

Ninazirudia namba hizo kwa sababu zinabeba jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Watu 79 kati ya kila 100 waliorithi kasoro kutoka kwa mzazi mmoja hawakuwa na ugonjwa wa utumbo hata kidogo, ilhali kila seli ya mwili wao, pamoja na zile za mishipa na figo, ilikuwa na jeni hiyo yenye kasoro upande mmoja. Kwa hiyo tukisema swali la mishipa ya damu linamhusu mgonjwa wa Hirschsprung wa aina hii, tunalazimika kusema kwamba linamhusu pia mama yake, au baba yake, au dada yake ambaye hajawahi kuumwa tumbo.

Sasa kipokezi B kinafanya nini katika mshipa wa damu wa mtu mzima? Kazi zake ni zaidi ya moja, nazo zinavutana. Kikiwa kwenye utando wa ndani, endothelini inapokigusa, utando huo hutoa oksidi ya nitriki, gesi ambayo hufanya misuli ya ukuta wa mshipa ilegee na mshipa upanuke. Kikiwa kwenye misuli yenyewe ya ukuta, hufanya kinyume, kikausaidia mshipa kubana. Kwenye mapafu, kipokezi hichohicho hukamata endothelini iliyozidi na kuiondoa katika damu. Na kwenye figo, katika mifereji ya mwisho inayoamua mkojo utoke na chumvi kiasi gani, huzuia mwili usiirudishe sodiamu kupita kiasi. Uzito wa jumla wa kazi hizo ulionekana mwaka 1999, pale watafiti wa Edinburgh walipowapa wanaume wenye afya dawa inayokifunga kipokezi B peke yake, na mishipa yao ikabana. Maana yake ni kwamba katika mtu mzima mwenye afya, mizani ya kipokezi hiki huegemea upande wa kuipanua mishipa, na kukiondoa ni kuondoa mkono mmoja unaoshikilia shinikizo lisipande.

Oksidi ya nitriki yenyewe inastahili neno la ziada, kwa sababu ndiyo lugha ambayo utumbo na mshipa wa damu huitumia kwa pamoja. Waliogundua kwamba gesi hii hulegeza mishipa, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Katika utumbo, gesi hiyohiyo hutolewa na neva ili kulegeza misuli mbele ya chakula kinachosukumwa. Kipande kisicho na seli za neva hakina chanzo hicho, na ndiyo sababu mojawapo ya kukaa kwake kimejikaza. Ni lazima hata hivyo tujihadhari na mkato wa haraka hapa. Kukosekana kwa gesi hiyo katika utumbo wa mgonjwa kunatokana na kukosekana kwa neva zinazoitoa, wala si ushahidi kwamba utando wa mishipa yake hauwezi kuitengeneza, kwa kuwa utando huo hutumia kimeng'enya chake chenyewe, tofauti na kile cha neva. Mgonjwa ambaye kasoro yake haiko kwenye njia ya endothelini anaweza kuwa na utumbo uliokosa gesi hii kabisa na mishipa ya mkono inayoitoa kama ya mtu yeyote.

Ushahidi ulionishawishi zaidi unatoka kwa panya wakubwa wa maabara ambao kwa asili yao wamepoteza kipande cha jeni ya kipokezi B. Panya hao hufa wachanga kwa utumbo kuziba. Kundi la Texas liliwarudishia kipokezi hicho kwenye neva tu, likawaacha bila kipokezi kwenye mishipa, mapafu na figo. Utumbo wao ukapata neva, wakaishi na kukua. Kwa maneno mengine, maabara ilikuwa imetengeneza mfano wa mtoto aliyepona utumbo wake huku kasoro ya awali ikiendelea kukaa kila mahali pengine. Panya hao walipolishwa chakula chenye chumvi nyingi, shinikizo lao la damu lilipanda sana, na endothelini katika damu yao ilikuwa juu ya kawaida. Dawa ya kuzuia figo kurudisha sodiamu ilipotumiwa, shinikizo lilishuka. Sijaona mfano mwingine unaoeleza kwa uwazi zaidi kwa nini faili la mgonjwa halipaswi kufungwa siku utumbo unapoanza kufanya kazi.

Hata hivyo mfano huo ukisomwa bila uangalifu unaweza kutupeleka pasipo sahihi. Je, shinikizo lilipanda kwa sababu mishipa haikulegea, au kwa sababu figo zilishikilia chumvi? Mwaka 2006 majibu mawili yalitolewa na makundi mawili tofauti. Panya walioondolewa kipokezi B kwenye mifereji ya figo peke yake walipata shinikizo la juu, likapanda zaidi walipopewa chumvi. Panya walioondolewa kipokezi hicho kwenye utando wa ndani wa mishipa peke yake walikuwa na mishipa isiyolegea ipasavyo na endothelini nyingi katika damu, lakini shinikizo lao lilibaki la kawaida hata walipolishwa chumvi. Kwa hiyo hitilafu ya mishipa na shinikizo la juu la damu ni mambo mawili tofauti, ingawa yanaweza kumkuta mtu mmoja. Mgonjwa anaweza kuwa na presha nzuri kabisa na bado utando wa mishipa yake usifanye kazi sawasawa, na hitilafu ya utando, kwa tunavyojua kutokana na magonjwa mengine ya moyo, ni mlango ambao mafuta na uvimbe huingilia katika ukuta wa mshipa miaka mingi kabla ya dalili yoyote.

Utando huo una njia ya kupimwa bila kuchomwa sindano. Mwaka 1992 David Celermajer na wenzake, wakiwa London, walieleza jinsi ya kutazama mshipa mkubwa wa mkono kwa ultrasaundi, kuubana mkono kwa mkanda kwa dakika chache, kisha kuuachia ghafla. Damu inaporudi kwa kasi, utando usio na hitilafu huhisi msuguano wake, hutoa oksidi ya nitriki na mshipa hupanuka, na mshipa ambao utando wake una hitilafu hupanuka kidogo au hausogei. Baadaye mtu hupewa naitrogliserini chini ya ulimi ili kuthibitisha kwamba misuli yenyewe inaweza kulegea inapopewa gesi hiyo kutoka nje. Kipimo ni kizuri, lakini kinahitaji mkono uliotulia, kwa kuwa tunazungumzia mshipa wa upana wa milimita chache unaotanuka kwa sehemu ndogo ya milimita. Chakula, kahawa, sigara, baridi ya chumba na saa ya siku huyabadilisha majibu. Maambukizi nayo huyabadilisha: mwaka 2000 watafiti wa London walionyesha kwamba hata chanjo ya homa ya matumbo, kwa kuamsha uvimbe mdogo mwilini, huufifisha utando kwa muda. Mgonjwa wa Hirschsprung aliyetoka kuugua uvimbe wa utumbo wiki iliyopita, akipimwa leo na kuonekana ana mishipa dhaifu, hajatuambia chochote kuhusu jeni zake.

Kuna ugumu mkubwa kuliko huo, nao ndio kiini cha msimamo wangu. Kasoro za EDNRB hupatikana kwa takriban wagonjwa 5 tu kati ya kila 100 wa Hirschsprung. Jeni inayohusika zaidi ni RET, iliyoko kwenye kromosomu ya 10, ambayo kasoro zake huonekana kwa karibu nusu ya familia zenye wagonjwa zaidi ya mmoja. Tuseme basi mtafiti anakusanya wagonjwa 40 waliopasuliwa utotoni, anawapima mikono kwa ultrasaundi, na kuwalinganisha na watu 40 wasio na ugonjwa. Kwa hesabu hiyo, wenye kasoro ya kipokezi B kati yao watakuwa kama 2. Hata kama mishipa ya hao 2 ina hitilafu kubwa, wastani wa kundi zima utawameza, na mtafiti ataandika kwa uaminifu kabisa kwamba wagonjwa wa Hirschsprung wana mishipa ya kawaida. Sentensi hiyo itakuwa kweli kwa 38 na hatari kwa 2. Jina la ugonjwa limewakusanya chini ya paa moja watu ambao safari ya seli zao ilikatizwa na mambo tofauti, na kipimo cha mishipa hakijui jina, kinajua chanzo.

Wala wale 38 hawawezi kuambiwa kwamba hawana la kuangalia. RET ni jeni ambayo pia huongoza uundaji wa figo, na panya walioondolewa jeni hiyo kabisa huzaliwa bila neva za utumbo na bila figo au na figo zilizodumaa. Kwa binadamu, kasoro za figo na njia ya mkojo huonekana kwa wagonjwa wa Hirschsprung mara nyingi zaidi kuliko kwa watoto wengine, na figo iliyozaliwa na kasoro ni chanzo kinachojulikana cha shinikizo la damu utotoni. Wapo pia ambao neva zao zinazojiendesha zenyewe zimeguswa: mwaka 1999 madaktari wa Italia walieleza watoto wenye Hirschsprung ambao vipimo vya neva hizo havikuwa vya kawaida, na katika hali adimu ugonjwa huu huambatana na kasoro ya jeni ya PHOX2B, ambapo mtoto husahau kupumua akilala na shinikizo lake la damu hukosa udhibiti. Watoto wenye hali ya Down, ambao wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata Hirschsprung, karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Njia za kufikia kwenye mishipa ni nyingi, na kila moja ina kipimo chake.

Mishipa ya utumbo wenyewe ni habari fupi zaidi. Madaktari wa Japani walieleza katika miaka ya 1980 kwamba katika eneo la mpito, pale sehemu nzima inapokutana na isiyo na neva, baadhi ya ateri ndogo zina kuta zilizonenepa isivyo kawaida. Inawezekana kabisa kwamba hayo ni matokeo ya mvutano wa miezi mingi kwenye utumbo uliojaa, na daktari wa upasuaji ana sababu ya kuyajali, kwa kuwa kiungo kilichoshonwa kinahitaji damu ya kutosha ili kipone. Lakini hayatuambii lolote kuhusu mishipa ya mkono, moyo au ubongo ya mtu huyo akiwa na miaka 40.

Kabla sijaendelea, lazima nikiri kwamba kuwa na kipokezi B pungufu hakumaanishi hasara tupu. Watafiti waliochunguza jeni za wakazi wa nyanda za juu za Ethiopia, ambako hewa ina oksijeni kidogo, waliona dalili kwamba eneo la EDNRB ni miongoni mwa yale ambayo maisha ya vizazi vingi mlimani yameyachagua. Mwaka 2015 walionyesha kwamba panya wenye nakala moja tu ya jeni hiyo walistahimili uhaba mkali wa oksijeni kuliko wenzao, na mioyo yao iliendelea kusukuma vizuri zaidi. Jeni moja inaweza kuwa ulinzi katika mlima na mzigo mbele ya sahani yenye chumvi nyingi. Nalisema hili kwa ajili ya wazazi, kwa sababu neno kasoro linapotamkwa mbele yao hulisikia kama hukumu juu ya ukoo wao, na daktari anayelitamka anapaswa kujua kwamba maumbile hayakuliandika hivyo.

Hapa kwetu Afrika Mashariki swali hili lina sura yake. Watoto wengi hufika wakiwa wamechelewa, tumbo limejaa, mwili umekonda, na kwa hiyo hawawezi kufanyiwa upasuaji wa mwisho mara moja. Kwanza hutolewa utumbo nje kwa ajili ya kupitisha choo tumboni, kisha hungojea miezi, pengine zaidi ya mwaka, ndipo sehemu isiyo na neva iondolewe. Katika miezi hiyo chumvi ni rafiki. Mtoto ambaye utumbo wake umetolewa nje katika sehemu za juu, au ambaye utumbo mpana wote umeondolewa kwa kuwa wote haukuwa na neva, hupoteza maji na sodiamu kila siku kupitia mfuko wake, na asipofidiwa hukoma kuongezeka uzito hata kama anakula vizuri. Ndiyo maana ningekuwa wa kwanza kupinga mtu atakayesoma habari za panya na chumvi akaenda kumwambia mama wa mtoto huyo apunguze chumvi katika uji. Ushauri wa chumvi unamhusu mtu ambaye utumbo wake umekwisha kufungwa na kutulia, ambaye shinikizo lake limepimwa na kuonekana linapanda, na ambaye figo zake zimetazamwa.

Kipimo cha jeni kwa wengi wetu bado ni cha mbali na cha gharama. Mkanda wa kupimia presha upo karibu kila kituo cha afya, na tatizo ni kwamba mara nyingi upo wa mtu mzima tu. Mkanda mpana kupita mkono wa mtoto husoma shinikizo la chini kuliko lilivyo, na mwembamba husoma la juu. Sehemu yake inayojazwa hewa inapaswa kuwa na upana usiopungua asilimia 40 ya mzunguko wa mkono, na urefu wa kuuzunguka kwa asilimia 80 hadi 100. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 13, majibu nayo hayasomwi kwa 120 juu ya 80 za mtu mzima, bali kwa majedwali ya umri, jinsia na urefu. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017 unataka kila mtoto apimwe mara moja kwa mwaka kuanzia miaka 3, na wenye kasoro za figo wapimwe kila wanapofika kliniki. Naona mtoto wa Hirschsprung anastahili kuingizwa katika kundi hili la pili hadi figo zake zitakapotazamwa kwa ultrasaundi, kifaa kilekile kinachotumika kuwaangalia wajawazito, na kuonekana ni nzima. Kikitokea chumba kimoja tu chenye uwezo wa kupima jeni kwa wachache, nafasi ya kwanza apewe mtoto mwenye shungi jeupe, macho yaliyopauka au uziwi pamoja na utumbo wake, kwa sababu kwake uwezekano wa kasoro katika njia ya endothelini ni mkubwa kuliko kwa wengine, na mara nyingi watu humwona kama mwenye aina fulani ya ualbino wakaishia hapo.

Mgonjwa huyu atakua. Atahama mji, atabadilisha kliniki, na siku moja akiwa na miaka 30 na kitu ataingia kwa daktari wa watu wazima kwa sababu ya kichwa kinachomuuma, atapimwa, presha itakuwa juu, na ataandikiwa dawa. Kama alipasuliwa kwa njia ya zamani, daktari ataona kovu tumboni na huenda akauliza. Lakini tangu mwaka 1998, pale madaktari wa Mexico walipoeleza upasuaji unaofanywa wote kupitia njia ya haja kubwa bila kufungua tumbo, wapo wagonjwa wanaokua bila kovu lolote la kuonekana, na wengine wao hawajaambiwa na wazazi wao kwamba waliwahi kupasuliwa. Kwa hao, daktari itambidi aulize kwa mdomo, na apate mtu wa nyumbani wa kumjibu: ulipozaliwa, choo chako cha kwanza kilitoka lini?